Mrejesho: ile nyumba ya kupangisha Tabata

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri: fundi aliyenikagulia nyumba ya vyumba sita Tabata alisema uwanja umeinamia nyumba na mtaro wa nje umeziba. Ninunue au niachane nayo?

Mlinishauri niende mvua ikinyesha. Nikaenda. Maji hayakuingia ndani, ila uani yalifika kwenye vifundo vya miguu, na karo la choo likaanza kucheua. Dalali: "Hii mvua tu, bosi." Mama mmoja mpangaji akanivuta pembeni, akasogeza kabati: rangi mpya, chini yake mstari wa tope usawa wa goti. Masika yaliyopita hayo.

Mto wa karibu uko nje ya zile mita 60 ambazo sheria inakataza kujenga kando ya mto, nilipima kwa kamba. Hilo pekee halitoshi, ila kwa alichosema fundi, naona tatizo ni mtaro, si bonde la mto. Ingekuwa bonde ningekimbia. Kifusi, mtaro wa zege na kuinua mdomo wa karo: milioni 7. Mwenye nyumba kapunguza 5, baada ya kununa wiki nzima. Nimelipa nusu ya bei ya nyumba kwa mwanasheria, nusu mtaro ukiisha.

Yule mama kodi yake haipandi mwaka huu.