Naomba ushauri: malipo ya Medicare kwa upasuaji wa macho

Habari za kazi, madaktari wenzangu mlioko Marekani. Napasua mtoto wa jicho, na wagonjwa wangu wengi ni wazee wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani. Kiwango cha kukokotolea malipo yetu, yaani dola kwa kila pointi ya huduma, kilikuwa dola 33.29 mwishoni mwa 2024. 2025 kikashuka hadi 32.35, huku mishahara ya wauguzi ikipanda. Na malipo hayohayo ya upasuaji yanabeba pia ziara za ufuatiliaji kwa siku 90 baada yake: bibi akirudi jicho limevimba, namwona bila malipo mengine. Nahofia kliniki za vijijini.

Nimemwandikia mbunge wetu, nikajibiwa kwa barua ya jumla tu.

Rasimu ya malipo ya Medicare ya mwaka unaofuata hutoka kiangazi na maoni hupokelewa siku 60. Nikazanie huko, au niombe kikao na wasaidizi wa mbunge jimboni? Mliowahi kukaa nao, mlipeleka hesabu za kliniki au mgonjwa aliyeridhia kujieleza mwenyewe?