Ushauri: natafuta ukoo wa babu, mabondia wa Moshi, kila ndugu ana jina lake

mjukuu_wa_Njoro

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Nimekwama. Babu mzaa mama alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Moshi. Kwao walizaliwa wanaume watatu na wote walipiga ngumi: mchana kibarua, jioni mazoezi. Alifariki mimi niko darasa la pili. Nilichonacho ni picha na beji tu. Kwenye picha kuna kijana kifua wazi amekunja ngumi, glovu moja imepasuka ikashonwa kwa uzi mweupe, nyuma yake ukuta wa mabati. Beji ni ya shaba, imeandikwa EAR&H na namba ambayo tarakimu ya mwisho imefutika.

Tatizo majina. Babu alitumia jina lake na la baba yake. Aliyemfuata, aliyekuwa TPC, kampuni ya sukari, kwenye miwa, alitumia la ukoo. Wa mwisho ni "Nyundo" tu, jina la ulingoni. Hata mama hajui lake halisi.

BoxRec, mtandao wa rekodi za mabondia, nimetafuta, sikuambulia kitu. Nikaenda upande wa pili wa ukoo na daftari langu. Mjomba mmoja akaniuliza, "Umetumwa na nani? Kile kiwanja kilishagawanywa." Nikamaliza soda nikaaga.

Nianzie wapi?

Ngarenaro_damu

Nyundo? Mkuu, huku Arusha kila gym ina Nyundo wake 😂 Weka picha.

mzee_wa_stesheni

Marahaba. Hiyo beji ing'arishe kwa ndimu na majivu kidogo kidogo, usikwangue, namba inaweza kutokea. EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, chombo cha 1948. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli, kwa hiyo babu yako aliajiriwa kabla ya hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 wa huku wakaingia TRC, Shirika la Reli Tanzania. Muulize mama kama kuna karatasi za mafao ya waliokuwa Jumuiya. Wajane wengi walizifungia kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge. Ukipata namba ya kazi, linganisha na beji. Jina linabadilika, namba haibadiliki.

kona_ya_bluu

BoxRec isikuvunje moyo. Ule mtandao ni hasa wa ngumi za kulipwa, na wazee wetu wengi walicheza za ridhaa. Wale wa juu utawapata kirahisi, kama Titus Simba aliyeleta medali ya fedha ya uzito wa kati kutoka Edinburgh 1970, michezo ya Jumuiya ya Madola. Bondia wa pambano la Jumamosi mjini Moshi utampata gazetini au humpati kabisa. Ukifika Dar nenda maktaba ya Chuo Kikuu, sehemu ya Afrika Mashariki, au Kumbukumbu za Taifa pale Upanga. Omba Uhuru, Ngurumo, na usisahau Mfanyakazi, lile la chama cha wafanyakazi. Ila nenda na mwaka mkononi. Bila mwaka utafungua majalada mpaka uote mvi.

Halafu usitafute jina moja. Akina Matumla, Rashid na Mbwana, ukiona jina unajua ni ndugu. Wa kwenu hata mwandishi wa siku ile hakujua kama wametoka tumbo moja.

binti_Kibosho

Mimi nakataa kuanza na Dar. Anza na misiba. Kwetu huku marehemu hazikwi bila kusomewa historia fupi: amezaliwa wapi, wa ngapi kati ya wangapi, wazazi, kazi, watoto. Zile karatasi watu huzikunja na kuziweka ndani ya Biblia au nyuma ya fremu ya picha. Mimi jina la bibi mzaa baba nililipata kwenye karatasi ya msiba wa shemeji yake!

Na daftari liache nyumbani. Wazee wakiona kalamu wanaona kiwanja. Peleka sukari na picha, umpe ashike mwenyewe.

mjukuu_wa_Njoro

Dada umeniokoa. Sikuwa nimewaza misiba kabisa. Picha hii hapa.

mzee_wa_stesheni

Nimeikuza. Mkono wa kulia ndio uko mbele, wa kushoto umekaa nyuma kidevuni. Huyo ni mashoto. Hakikisha kwanza picha haikusafishwa kinyume, angalia maandishi kwenye kiboksi kule pembeni. Kisha uliza nani kwenu alikuwa anatumia kushoto.

mjukuu_wa_Njoro

Maandishi yanasomeka sawa.

Nimetoka kwa mama mkubwa sasa hivi. Sikuuliza jina, nilimpa picha tu. Akaisogeza dirishani, akaiangalia weee, akacheka. "Huyu si baba. Baba alikuwa wa kulia. Huyu alikuwa akichapwa kila siku kwa kula na kushoto, akahamia Tanga, akaoa huko."

Kumbe miaka yote tumemtundika Nyundo sebuleni tukimwita babu. Na jina kalitaja bila hata kufikiri, la ubatizo na la ukoo.

Kuna mtu wa Tanga humu?

Ngarenaro_damu

Njoo inbox.