Tupeane uzoefu: kuandaa madai ya fidia ya majeraha kwa kampuni ya bima

Mleta mada (Morogoro)
Ndugu wanajukwaa, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliowahi kudai, kwa niaba yao wenyewe au ya ndugu zao, fidia ya majeraha ya ajali ya barabarani kutoka kampuni iliyolikatia bima gari lililowagonga. Nasema hivyo kwa sababu wengi mtaani wanaichukulia bima ndogo kuwa stika ya kumwonyesha askari tu, ilhali Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima itakayowafidia watu wengine watakaouawa au kuumizwa na chombo hicho. Mtembea kwa miguu aliyegongwa ni mmoja wa hao watu wengine.

Mdogo wangu aligongwa na daladala akiwa kwenye kivuko, akavunjika mfupa wa paja. Wakati wengine wanamkimbiza hospitali, mimi nilipiga picha ya namba ya gari, kisha nikaihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima), ambao unaonyesha kampuni iliyotoa bima na tarehe zake za kuanza na kuisha. Baada ya hapo nilifuatilia polisi fomu zao: PF3 kwa ajili ya matibabu, ramani ya tukio, na baadaye PF90 inayoeleza matokeo ya upelelezi. Dereva alifikishwa mahakamani akakiri kosa, nasi tukaomba nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Nakala hiyo ndiyo iliyofupisha mabishano kuliko karatasi nyingine yoyote, kwa kuwa baada ya hapo kampuni haikuuliza tena nani alikuwa na makosa; ikabaki kujadili kiasi.

Karibuni, hasa mliofika hatua ya kujadiliana.

Nesi wa Wodi ya Mifupa
Asante mleta mada. Nitazungumzia karatasi za hospitali, maana nimeona madai mengi yakidhoofika kwa sababu yake. Kadi ya kuruhusiwa kutoka wodini inaeleza kwa ufupi mno kilichotokea, na haikuandikwa kwa ajili ya bima. Mwombeni daktari aliyemtibu mgonjwa awaandikie taarifa kamili ya kitabibu: ni mfupa gani, upande gani, upasuaji gani ulifanyika, kiungo kinakunjika kwa kiasi gani sasa, vyuma vitatolewa au vitabaki, matibabu gani yanatarajiwa, na kama upo ulemavu wa kudumu, ni asilimia ngapi. Asilimia hiyo isiandikwe mapema. Mguu unaoonekana mbaya baada ya mwezi mmoja unaweza kupona vizuri, na ule ulioonekana umepona unaweza kubaki mfupi, kwa hiyo daktari makini atasubiri hali itulie kwanza.

Jambo la pili ni majina. Mgonjwa anafika akiwa hajitambui, msamaria anataja jina analolijua yeye, na jina hilo linaandikwa kwenye jalada na kwenye PF3. Miezi inapita, kampuni inalinganisha na kitambulisho cha NIDA na kukuta ni mtu mwingine. Sahihisheni mapema, na pale isipowezekana, apeni kwa hati ya kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Aidha, toeni nakala ya PF3 baada ya daktari kuijaza na kabla haijarudi kwenye jalada la polisi.

Mama Lishe wa Ilala
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi niliumia nikiwa abiria, mkono wa kulia ukavunjika sehemu mbili, na kazi yangu yote ni ya mkono huo. Shida yangu haikuwa risiti za hospitali, kwani hizo nilikuwa nazo. Shida ilikuwa kuthibitisha kipato nilichopoteza bila kuwa na hati ya mshahara. Wakili aliyenisaidia alinieleza kwamba mahakama zetu huitaka hasara ya fedha itajwe kipengele kwa kipengele na ithibitishwe kikamilifu, wakati maumivu na usumbufu hukadiriwa kwa busara ya hakimu, na kwamba kampuni za bima hupima madai kwa kigezo hichohicho.

Basi tulikusanya daftari la mauzo ya kila siku, taarifa ya miamala ya simu ya miezi iliyotangulia ajali, kitambulisho changu cha mjasiriamali, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba anaijua biashara yangu, na maelezo yaliyosainiwa na binti niliyemlipa anishikie meza nilipokuwa nimefungwa plasta. Nauli za bajaji kwenda kliniki hazina risiti, lakini tuliziorodhesha kwa tarehe zinazolingana na kadi ya kliniki, na kampuni ilizikubali. Daftari lile ndilo lililonilipa. Nawasihi akina mama wenzangu mnaofanya biashara ndogo mwandike mauzo yenu hata kama mnakumbuka kila kitu kichwani.

Kampuni ilianza kwa kunipa fedha kidogo na karatasi ya kusaini, iliyosema kwamba napokea malipo kamili na ya mwisho na sitadai tena. Wakati huo vyuma vilikuwa bado mkononi. Sikusaini, niliomba kiasi hicho waniandikie kwa barua, nikajibu kwa barua nikiambatanisha makadirio ya hospitali ya gharama ya kuvitoa. Kiasi tulichokubaliana baadaye kiligharimia na upasuaji huo.

Mpwani wa Likoni
Kwetu Kenya mambo yanakaribiana, ila majina ya karatasi ni tofauti: tunatumia abstrakti ya polisi (taarifa fupi ya ajali), fomu ya P3 ya majeraha, na nakala ya kumbukumbu za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kumjua mmiliki halisi. Kampuni ya bima humtuma mdai pia kwa daktari iliyemchagua yenyewe, na si vibaya kwenda, mradi ubebe picha zako zote za eksirei. Chini ya Sura ya 405, sheria yetu ya bima ya magari, kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na ikiwa utaenda kortini ni lazima kampuni ipewe notisi kabla ya kufungua kesi au ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria baada ya kuifungua. Dai la shangazi yangu lilinusurika kwa sababu wakili aliituma notisi hiyo mapema na kuhifadhi ushahidi wa kupokelewa kwake.

Dereva wa Masafa
Kwa ufupi: ukiumia ukiwa kazini Tanzania Bara, mwajiri anapaswa kuitaarifu WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na madai ya huko yana utaratibu wake. Mwulizeni mwajiri mapema.

Mzee wa Kilosa
Mleta mada, niongeze kuhusu kampuni inayokaa kimya. Kila barua ya madai ipelekwe nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kampuni ikikataa au ikikawia, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Lakini hesabuni muda. Shauri la madhara ya aina hii linapaswa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3, na mazungumzo na kampuni hayasimamishi muda huo, hata yakiwa ya heshima na barua zikijibiwa vizuri. Katika madai ya mwanangu, kila tulipouliza tuliambiwa jalada liko makao makuu. Mwaka wa tatu ulipoanza tulimwagiza wakili afungue shauri dhidi ya dereva na mmiliki, na kampuni ikapewa notisi. Mkutano wa usuluhishi ulipoitishwa mahakamani, mwakilishi wa kampuni alikuja na hundi iliyokwisha kuandikwa.