MJADALA: Asali na maji ya sukari kwa kichanga, tumbane mama au tuzungumze na bibi?

Wadau, tulijadili hili kwa heshima. Katika jamii nyingi za vijijini mtoto akizaliwa tu hulambishwa asali au hunyweshwa maji ya sukari kwa kijiko, na dang'a, yale maziwa ya kwanza, hukamuliwa na kumwagwa kwa kuwa ni ya njano na mazito, eti machafu. Wahudumu wa afya wanakataza. Wengine wanajibu: mbona sisi tulilambishwa na tumekua?

Mimi nasema mila hii iachwe, ila tunamkaripia mama, asiye na uamuzi; anayeamua ni bibi wa mtoto, yaani mama mkwe.

Hofu ya bibi ina msingi. Siku ya kwanza ziwa hutoa matone tu. Maziwa mengi huja kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Kichanga kinalia, yeye anaona ziwa tupu. Hajaambiwa kwamba tumbo la mtoto huyo ni dogo mno, na kwamba matone yale yamejaa kinga. Akishashiba maji ya sukari, mtoto hanyonyi kwa nguvu, na asiponyonya, mwili wa mama unachelewa kutengeneza maziwa. Siku ya tatu ziwa bado jepesi, bibi anasema, "Si niliwaambia?" Hapo nani atambishia?

Asali nayo inaweza kubeba vimelea vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ndiyo maana mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi. Na wanaosema "tulikua" ni waliopona. Waliozikwa hawapo hapa kuchangia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa 1 tangu azaliwe, kisha miezi 6 ziwa pekee, hata maji asipewe. Mama anaambiwa haya kliniki, peke yake. Anarudi nyumbani amechoka, pengine ameshonwa, na kijiko kiko mkononi mwa mama mkwe. Mnataka abishane naye?

Mama mkwe aitwe kliniki mapema, afundishwe kutazama mkojo wa mtoto ili ajue kama maziwa yanatosha, badala ya kusikiliza kilio tu, na ajue kwamba mtoto mlegevu asiyenyonya anakimbizwa kituo cha afya. Kumpumzisha mzazi, kumlisha vizuri, kumweka mtoto karibu na mama anyonye usiku kucha: hayo wazee wanayajua kuliko sisi, waambiwe hivyo waziwazi.

Mnaotaka familia zitozwe faini, mnadhani mama atamwambia tena muuguzi ukweli? Na mnaosema mila isiguswe, hiyo asali mnaitetea kwa hoja gani?