Mimea ya tangi la samaki inaoza: je, tatizo ni maji magumu?

Mtunza Kioo (Dodoma)

Ndugu wanajamvi, salaam. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40, ambamo nimefuga gapi kumi tangu Januari. Miezi miwili iliyopita nilinunua mimea hai ya aina mbili: Anubias, yenye majani mapana na mazito, na Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe. Yote niliichimbia vizuri kwenye changarawe ili isielee.

Sasa Anubias inalegea chini na kutoa harufu mbaya nikiigusa, na majani ya Vallisneria yanakuwa laini, yanapoteza rangi na kukatika. Wakati huohuo nyuzi za mwani zimefunika mawe yote. Taa naiwasha saa 12 asubuhi na kuizima saa 2 usiku, kwa kuwa nilidhani mimea ikipata mwanga mwingi ndipo itakapostawi. Kwa ajili ya mwani, muuzaji alinipa chupa ya dawa ambayo natia mililita 5 kila siku.

Maji ya bomba hapa kwangu ni magumu, huacha ukoko mweupe kwenye birika. Jirani anasema mimea ya tangi haiwezi kuishi katika maji ya namna hiyo na kwamba ninunue maji ya chupa. Je, ni kweli?

Mwana wa Kigoma

Ndugu yangu, usinunue maji ya chupa. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni magumu na pH yake (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) hufika karibu 9, na humo Vallisneria huota yenyewe mahali penye kina kifupi na mchanga laini. Mmea huo una uwezo wa kujipatia kaboni kutoka katika bikaboneti iliyomo kwenye maji magumu, jambo ambalo mimea mingi ya tangi hailiwezi. Kwa hiyo ukoko wa birika lako si adui wa Vallisneria hata kidogo.

Kuhusu Anubias, kosa ni kuichimbia. Angalia chini ya majani utaona shina nene la kijani linalolala ubavu, na mizizi ikitoka upande wake wa chini. Shina hilo likifunikwa na changarawe huoza, na harufu uliyoisikia ndiyo dalili yake. Ing'oe leo, ukate kwa kisu safi sehemu yote iliyolainika hadi ufikie mahali pagumu, kisha ufunge kipande kilichobaki juu ya jiwe au gogo kwa uzi wa pamba. Mizizi itashika yenyewe baada ya wiki kadhaa. Kwa asili mmea huu ni wa Afrika Magharibi na ya Kati, hukua juu ya mawe na magogo kando ya vijito vyenye kivuli, na huenda ukachukua wiki tatu au nne kutoa jani moja, kwa hiyo usikate tamaa ukiuona umetulia.

Taa ya saa 14 ni nyingi mno. Washa kwa saa 7 tu, na hakikisha tangi haliko mkabala na dirisha lenye jua. Mwani ni mwepesi kutumia mwanga ambao mimea haikuweza kuutumia.

Mwalimu wa Biolojia

Nakubaliana na Mwana wa Kigoma kuhusu Anubias na taa, lakini maelezo yake hayajagusa sababu ya Vallisneria kuyeyuka. Naomba Ndugu Mtunza Kioo asome lebo ya chupa ile ya dawa na atueleze kilichoandikwa.

Nauliza kwa sababu dawa nyingi za mwani, na zile zinazouzwa kwa jina la kaboni ya maji, zina glutaraldehaidi, kemikali ambayo hospitalini hutumika kuulia vijidudu kwenye vifaa. Kwa kiasi kidogo huua mwani, na Anubias huivumilia, lakini Vallisneria ni miongoni mwa mimea inayodhurika nayo haraka: majani huwa kama kioo, kisha humong'onyoka. Dalili ulizozieleza zinafanana nazo mno.

Lipo jambo jingine la kulitofautisha na hilo. Mimea mingi ya tangi hukuzwa bustanini nje ya maji, ikiwa na majani yenye ngozi ya nta na matundu ya kupitishia hewa. Ikizamishwa, majani hayo hufa na mmea hutoa mengine membamba yanayofaa chini ya maji. Kufa huko hutokea katika wiki za mwanzo na huambatana na machipukizi mapya katikati. Wewe una miezi miwili na hujataja chipukizi lolote.

Mtunza Kioo (Dodoma)

Mwalimu, ahsante sana. Nimesoma lebo, na neno hilo limo. Nimesikitika kwamba nimekuwa nikiiua mimea kwa mkono wangu huku nikilaumu maji. Nifanyeje sasa? Na je, niweke udongo wa bustani chini ya changarawe ili ipate nguvu?

Mwalimu wa Biolojia

Acha dawa, badilisha nusu ya maji kesho na nusu nyingine baada ya siku tatu, ukiyaacha maji ya bomba kwenye ndoo wazi kwa siku moja ili klorini itoke. Kata majani yaliyokufa, lakini mizizi iliyo myeupe na migumu iache palepale, kwani Vallisneria huweza kuchipua upya kutoka kwenye kitovu chake, yaani pale majani yanapokutana na mizizi. Hakikisha tu kitovu hicho hakijafukiwa. Nyuzi za mwani zizungushie kwenye mswaki mkuukuu na kuzivuta.

Bustani ya Maji (Mwanza)

Kuhusu udongo, naomba uwe mwangalifu. Niliwahi kuweka udongo wa bustani uliochanganywa na samadi, amonia ikapanda na nikapoteza samaki wote ndani ya siku mbili. Bado naumia nikikumbuka. Kwa Anubias udongo hauna maana, kwa kuwa hula kutoka majini, na kinyesi cha gapi kumi kinaitosha. Vallisneria hula zaidi kwa mizizi, hivyo ukiona majani mapya yanatoka yakiwa ya njano, chomeka kidonge cha mbolea ya mimea ya tangi karibu na mizizi, na si zaidi.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu mabaki utakayoyakata. Usiyamwage mtoni wala kwenye mfereji. Yakaushe juani kwanza, kisha uyatupe. Sisi wa huku tunaishi na magugumaji, mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 umeziba bandari na mialo ya Ziwa Victoria.