Uzito wa klorini ni 35.5: nusu hiyo inatoka wapi?

Mzazi, Njoro (Nakuru)

Hamjambo ndugu zangu. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu, na jana jioni tulikaa mezani na daftari lake la kemia tukitafuta kosa ambalo mpaka sasa sijaliona. Aliulizwa uzito wa atomu wa klorini, akiwa ameshaelezwa kwamba atomu zake ni za namna mbili, zenye namba ya uzito 35 na 37. Akajumlisha, akagawanya kwa mbili, akapata 36. Jibu limekatwa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa 35.5, bila neno jingine. Mimi nafahamu kwamba kiini cha atomu kina protoni na nyutroni, nazo huhesabiwa nzimanzima kama mayai. Je, kuna nyutroni iliyokatwa vipande viwili? Naomba maelezo ambayo nami nitaweza kumfikishia mtoto, kwa kuwa hapendi kukariri asichokielewa, nami sitaki kumlazimisha.

Mwalimu mstaafu wa kemia, Kisumu

Mama, hakuna nyutroni iliyokatwa. Kila atomu ya klorini, popote ilipo, ina protoni 17, na hizo ndizo zinazoipa jina lake; ikiongezeka moja tu, hiyo si klorini tena bali ni arigoni. Kinachotofautiana ni nyutroni: baadhi ya atomu zina 18 na nyingine 20, ndiyo maana tunapata 35 na 37. Hizo huitwa isotopu za elementi moja. Elektroni ni 17 kwa zote, na kwa kuwa elektroni ndizo zinazounganisha atomu na atomu, zote mbili hushikana na sodiamu kwa namna ile ile, na katika kijiko cha chumvi unachotia kwenye sukuma wiki zimo zote.

Kosa la binti yako ni kugawanya kwa mbili, maana kufanya hivyo ni kusema kwamba isotopu hizo zimo kwa idadi sawa, na haziko hivyo. Katika kila atomu nne za klorini, takriban tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Mwambie achore duara nne, aandike 35 katika tatu na 37 katika moja, kisha ajumlishe: ni 142. Agawanye kwa nne, apate 35.5. Ni kama mchuuzi wa Kibuye akuuzie samaki wanne, watatu wa gramu 350 na mmoja wa gramu 370: wastani ni gramu 355, lakini ukiwapima mmoja mmoja humpati samaki wa gramu 355 katika karai lile.

Namba hii iliwasumbua wanakemia kwa miaka mingi. Frederick Soddy alianza kutumia jina la isotopu mwaka 1913, na mwaka 1919 Francis Aston, pale Cambridge, alikamilisha chombo kinachopinda njia ya atomu zenye chaji, nyepesi zikipinda zaidi kuliko nzito. Alipopitisha klorini, alama zilitokea penye 35 na penye 37, penye 35.5 hapakuwa na kitu. Nyutroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa. James Chadwick aliithibitisha mwaka 1932.

Mpe sasa shaba: isotopu zake ni 63 na 65, na uzito wake wa atomu ni 63.55. Atafute kila moja ina asilimia ngapi.

Mzazi, Njoro (Nakuru)

Ahsante sana Mwalimu. Duara nne zimemfungua macho. Amezichora tena mwenyewe bila kuambiwa. Katika shaba, hata hivyo, tumekwama. Tumepata kwamba shaba-63 ni asilimia 72.5, lakini kitabu kinasema 69 na kidogo. Tumerudia mara tatu na jibu halibadiliki.

Fundi wa maabara, Kakamega

Dada, njia yenu ni sahihi. Tatizo liko katika namba mlizoanzia. Namba ya uzito ni hesabu ya protoni na nyutroni tu, haitokani na kupima. Kipimo chenyewe, kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1961, ni sehemu moja ya kumi na mbili ya atomu ya kaboni-12, na kwa kipimo hicho shaba-63 ina 62.930 na shaba-65 ina 64.928. Tumieni hizo, pamoja na wastani wa 63.546: toeni 63.546 katika 64.928, mpate 1.382, gawanyeni kwa 1.998, ambayo ndiyo tofauti ya isotopu zenyewe. Jibu ni asilimia 69.2.

Huenda binti akauliza kwa nini uzito umepungua chini ya 63, wakati protoni na nyutroni kila moja ina zaidi kidogo ya 1. Chembe hizo zinapoungana kuwa kiini hutoa nishati, na nishati ikitoka, uzito nao hupungua. Chembe zote za klorini-35 zikipimwa zikiwa mbalimbali zina jumla ya 35.289, lakini atomu yenyewe ina 34.969. Hakuna chembe iliyopotea. Ukizihesabu, zote zimo.

Mwalimu mstaafu wa kemia, Kisumu

Fundi amenisahihisha, nami namshukuru, kwa sababu nilipaswa kutoa namba zilizopimwa. Katika mtihani, binti atumie zile alizopewa katika swali.

Mama, ninyi wa Nakuru mnaijua florini kuliko sisi, kwa yale maji ya visima yanayotia meno rangi ya kahawia. Mwonyeshe florini katika jedwali: 18.998. Elementi hii ina isotopu moja tu ya asili, yenye protoni 9 na nyutroni 10, kwa hiyo hapo hakuna wastani wa kutafuta. Muulize ile 0.002 iliyopungua imekwenda wapi.