Dawa inashusha sukari lakini inaninenepesha, nifanyeje?

Nkuhungu255: Wakuu habari. Niko Dodoma, miaka 34, nina sukari aina ya pili. Metformini ilishindwa, nikaongezewa pioglitazoni. Sukari ya asubuhi ilikuwa 11, ikashuka mpaka 6 na kitu. Ila nimeongezeka kilo 5! Dawa ya ugonjwa unaohusishwa na unene inaninenepesha vipi? Kuna mbadala? Matusi sitaki.

Mlenda Mkavu: Pole dada. Acha wali, rudi kwenye ugali wa uwele. Bibi yangu Mvumi ana miaka tisini, sukari anaisikia redioni tu.

Bajaji ya Makole: Bibi yako analima. Huyu anakodi bajaji Area C mpaka sokoni Majengo.

Mfamasia Mstaafu: Seli za mafuta ni vihenge. Mavuno yakizidi na vihenge ni vilevile, unashindilia mpaka vinapasuka. Mafuta yanamwagikia kwenye ini na misuli, insulini, inayoingiza sukari kwenye seli, inabisha hodi hakuna wa kufungua. Pioglitazoni inauamsha mwili ujenge vihenge vipya, vidogo. Mafuta yanahama ini, yanakaa chini ya ngozi. Ndiyo maana mizani inapanda, sukari inashuka. Waliozaliwa bila seli za mafuta ni wembamba kabisa, na sukari yao ni kali. Ila dawa hii hutunza maji pia. Miguu inavimba?

Nkuhungu255: Jioni, kidogo. Nadhani viatu.

Mfamasia Mstaafu: Sijauliza viatu. Vidonge unameza?

Nkuhungu255: Niliacha wiki tatu zilizopita. Jamani msinihukumu, sendofu ni mwezi ujao na zipu ya gauni inagoma. Nimeshatanguliza hela Dar nikanyonywe mafuta ya tumbo. Yakitoka, sukari si itaondoka nayo?

Mfamasia Mstaafu: Wananyonya ya chini ya ngozi, ya kwenye ini yanabaki palepale. Mwaka 2004 Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 15 wanene, 7 kati yao wana sukari. Walinyonywa kama kilo 10 kila mmoja. Insulini haikufanya kazi vizuri zaidi ya mwanzo.

Mlenda Mkavu: Shangazi alinyonywa. Matako yalibaki upande mmoja.

Shemeji wa Watu: Ngojeni kwanza. Nkuhungu255 mwezi wa nane alileta uzi kwamba MKE WAKE kagoma kufuga kuku. Leo ana sendofu? Hii chai, afadhali haina sukari.

Nkuhungu255: Ule uzi ni wa kaka yangu, tunatumia akaunti moja.

Bajaji ya Makole: Kuku wanaendeleaje?

Nkuhungu255: Walikufa.

Mfamasia Mstaafu: Chai au si chai, miguu ikivimba na pumzi ikibana, moyo uangaliwe. Nenda kesho, na umwambie daktari uliacha dawa.

Nkuhungu255: Kesho nina kikao cha kamati. Kuna fundi Majengo anayeweza kuachia gauni?

Cherehani Nne: Njoo inboksi. Tuache nafasi ya kilo ngapi?